BUSTANI YETU: Fukusi, mwizi wa viazi vitamu



Mwezi huu tuongee juu ya viazi vitamu. Bustani ni hatua chache tu nyuma ya nyumba, lakini matembele tunachuma, viazi tunachimba, na mgao ukichelewa watoto hawalali njaa. Ndiyo maana inauma sana kuchimba tuta ukakuta viazi vina matundu, vinanuka, na ukipika ni vichungu kama shubiri.

Wengine husema eti udongo umechoka, au kuna mtu mwenye jicho baya amepita. Hapana jamani! Mwizi ni mdudu, anaitwa fukusi wa viazi.

Ni mdogo kama sisimizi, mweusi au wa kahawia, na mdomo wake ni mrefu. Ukimgusa anajifanya amekufa. Jike hutoboa shina karibu na ardhi, au kiazi kilichojitokeza, akataga humo. Yai likianguliwa, funza mweupe asiye na miguu hutafuna ndani kwa ndani. Baada ya kama mwezi mmoja anatoka fukusi mpya. Kiazi nacho hutengeneza sumu ya kujikinga, ndiyo ule uchungu. Kiazi kichungu usimpe mtoto, wala mbuzi.

Ila fukusi ana udhaifu mmoja: hawezi kuchimba udongo. Kiazi kilicho chini anakifikia kwa kupitia nyufa. Kiazi kikinenepa tuta hupasuka, na kiangazi kikija linapasuka zaidi. Na mtu anayetoa viazi viwili vya jioni akaacha shimo wazi, huyo amemfungulia mlango.

Basi tufanye hivi:

1. Pandishia udongo kwenye matuta mara kwa mara, ziba kila ufa. Ukichimba kiazi, fukia hapo hapo.

2. Marando ya kupanda kata kwenye ncha changa, kama sentimita 30, kutoka bustani yenye afya. Shina la chini lililokomaa ndilo lenye mayai.

3. Usirudishe viazi mahali pale pale msimu unaofuata. Weka maharage au mahindi, na tuta jipya liwe mbali na la zamani.

4. Ukimaliza kuvuna, kusanya viazi vibovu na mashina yote, chimbia kwenye shimo refu au choma.

5. Usikawie kuvuna. Mbegu nyingi zinakuwa tayari miezi 4 au 5.

Hapo kina mama watauliza: "Tukivuna vyote tutaweka wapi? Udongo ndiyo ghala letu!" Ni kweli, lakini ghala hilo kiangazi lina mwizi ndani. Ni afadhali kuvuna mapema, kula vibichi kiasi, na vingine kukausha. Wasukuma wa Tanzania hukata viazi vibichi vipande vyembamba, wakavianika hadi vikauke kabisa, wanaita michembe. Vile vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A ya kulinda macho ya watoto, anika kivulini penye upepo, maana jua kali huharibu vitamini hiyo.

Jambo la mwisho ni la kijirani. Fukusi huruka, na mpaka wa bustani haujui. Familia ikirudi nyumbani, au ikipata safari ya nchi ya tatu, viazi vyao hubaki ardhini bila mwenyewe, na fukusi huzaliana humo mpaka wanatufikia wote. Tunawaomba wazee wa mitaa: bustani ikiachwa, majirani waing'oe yote mapema, vizima vigawanywe kwa wenye shida, vibovu vichomwe.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane mwezi ujao.