Ng'ambo ya kwanza iwe Kigali

Leo naweka kando hifadhidata na seva (tutazirudia) ili nizungumzie safari. Nyinyi wengi mnaosoma hapa ni watu wa kompyuta, na watu wa kompyuta tunajuana: tunapenda kukaa. Ukiwa na laptopu, chaji na bando, dunia inakuja mezani. Hata wahenga wanatuunga mkono: mtembezi hula miguu yake.

Lakini wahenga hao hao walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Hoja yangu ni kwamba kijana wa Meru, Chuka au Embu anayeandika programu, na ambaye ameota ng'ambo tangu chuoni, aache kuanzia na Montréal au Berlin. Aanze na Kigali.

Mimi mwenyewe husafiri shingo upande, na nina sababu. Kwanza ni barabara. Anayetoka Meru kwenda Embu anaijua ile miteremko, na analijua daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukikulia upande huu, neno "safari" halikupi raha tupu. Mama zetu hawalali mpaka upige simu kusema umefika.

Sababu ya pili ni viza. Hapa tuna kichekesho chetu. Kwa miaka mingi miraa ya Nyambene ilichumwa, ikafungwa, ikapanda ndege na kufika London ikiwa bado mbichi, hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014. Jani lilikuwa na bahati kuliko mchumaji. Mchumaji, na mwanawe mwenye digrii, wapeleke kwanza taarifa za benki, barua ya mwajiri na ushahidi kwamba watarudi nyumbani. Tangu Juni 2024 viza ya Schengen ni yuro 90, na ukinyimwa hazirudi.

Hili limeumiza fani yetu hasa. Mwaka 2018 mkutano mkubwa wa akili mnemba, NeurIPS, ulifanyika Montréal, na watafiti wengi wa Kiafrika walionyimwa viza wakabaki nyumbani. Mwaka uliofuata, Vancouver, wengine wakanyimwa tena. Walikuwa watu wenye kazi iliyokubaliwa, waliotakiwa kusimama mbele ya wenzao na kuieleza. Kijana wa Nchiru akisoma habari hizo anajiambia: basi, kama hao wamekwama, mimi nitapita wapi? Anabaki kuota.

Kilichonibadilisha mimi ni kwamba mkutano wenyewe ulianza kuja huku. ICLR ilipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, korona ikaupeleka mtandaoni, lakini Mei 2023 ikakusanyika Kigali. Agosti 2025 Deep Learning Indaba nayo ikafika Kigali. Na kwenda Kigali, Mkenya hahitaji viza wala hata pasipoti. Tangu 2014, kwa makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda, kitambulisho cha taifa kinatosha. Hicho hicho unachoonyesha ukichukua pesa kwa wakala wa M-Pesa.

Basi nikaenda, kwa basi, kupitia Kampala. Mgongo uliuma, sitadanganya. Ila kuna mambo ambayo mtu wa programu hayasomi kwenye nyaraka mpaka yamguse.

Ukivuka Gatuna, dereva anahamia upande wa kulia wa barabara na saa ya simu inarudi nyuma saa moja. Aliyeandika programu yake akidhani Afrika Mashariki yote ni Africa/Nairobi ataamsha watu mapema. Nambari za simu za Rwanda nazo huanza na 07 na zina tarakimu kumi, kama zetu. Kwa hiyo fomu ya Kikenya inazikubali bila kulalamika, kisha inaweka 254 mbele na kumtumia ujumbe mtu asiyehusika. Faranga ya Rwanda haina senti, kwa hiyo mfumo unaozidisha kila bei kwa mia kabla ya kuipeleka kwenye malipo utamtoza mteja mara mia. Tunasema kila siku tunajenga kwa ajili ya kanda nzima, lakini tunajenga kwa ajili ya Nairobi.

Hayo ni madogo. Kubwa lilinikuta Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Katika miaka ya 1930 watawala Wabelgiji waliweka kabila kwenye kitambulisho cha kila Mnyarwanda. Sehemu moja tu ya kujaza kwenye fomu. Ilikaa pale miaka sitini hivi, serikali zikabadilika, na hakuna aliyeiondoa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, watu waliulizwa kitambulisho, na jibu la sehemu ile likaamua nani apite na nani auawe.

Mimi kazi yangu ni kubuni fomu. Kila wiki mteja ananiambia, "Ongeza hapo kabila, ongeza dini, huenda tukahitaji baadaye." Na sisi Wakenya tusijione wageni kwenye somo hili: mwanzoni mwa 2008 kulikuwa na vizuizi hapa kwetu pia, na watu waliulizwa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Habari hizi zote ziko mtandaoni, nilizisoma zamani. Lakini kuzisoma Meru ni tofauti na kusimama pale, mfukoni una kitambulisho kilichokuvusha mpaka, ambacho kwa mpangilio wetu wa zamani kimeandikwa wilaya na lokesheni unakotoka. Tangu hapo mteja akisema "huenda tukahitaji", namuuliza: kwa kazi gani hasa? Asipokuwa na jibu, siweki.

Kuna watakaoniambia Kigali si ng'ambo, ni jirani tu. Ndugu yangu, ng'ambo maana yake ni upande wa pili. Kwa Mmeru, ukivuka mto Thuci kuingia Embu umeshafika ng'ambo. Wengine watasema naipamba Rwanda. Siipambi. Usafi wa mitaa ni kweli, na ubanaji wa siasa ni kweli vilevile. Mgeni aone vyote viwili.

Na wapo watakaosema kazi zenye pesa ziko Ulaya na Marekani. Sibishani nao. Aliye na nafasi ya kwenda huko aende, na tuendelee kupigia kelele viza. Lakini ndoto inayongoja muhuri wa ubalozi ni ndoto uliyompa mtu mwingine akushikie. Hii ya Kigali unaishika mwenyewe. Inahitaji nauli, likizo ya siku chache na kadi uliyonayo tayari.

Kwa hiyo, wewe uliyemaliza chuo Meru au Embu na unaendelea kusema "siku moja nitatoka": angalia kama kitambulisho chako hakijapasuka, weka akiba ya nauli, tafuta mkutano au hata rafiki wa kumtembelea. Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017, ingawa mitaani usitegemee kila mtu akuelewe. Jifunze "muraho" kwanza. Na ukifika, mpigie mama simu.