KISHOKA KIUNONI: NI KAZI, UREMBO AU KESI?

Samahani kwa ukimya, vibarua vilinibana kidogo. Leo nakuja na mada ambayo najua vijana wengi inawagusa, hasa nyie mnaokaa café mkiangalia video za wazungu wanaorusha vishoka kwenye magogo halafu mnaulizana bei.

Nianze na kisa. Mshkaji wangu mmoja ni mgumu. (Kwa ambao si wa Moshi: wagumu ndio vijana wanaobeba mizigo ya watalii mlimani.) Mwisho wa safari, mtalii mmoja akamwachia buti, taa ya kichwani na kishoka. Kishoka chenyewe si hiki cha kwetu cha kuchanjia kuni. Cheusi tii, urefu kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, upande mmoja makali, upande wa pili ncha kama mdomo wa kunguru, mpini wa plastiki ngumu, na ala yake ya kuning'iniza kwenye mkanda. Jamaa akakivaa kiunoni, akashuka nacho mjini kifua mbele. Hakufika mbali. "Kijana, hiyo silaha unampelekea nani?" Usiku huo alilala ndani. Asubuhi akaachiwa, kishoka kikabaki.

Kilichomuuma jamaa sio kulala ndani. Kilichomuuma ni kwamba dakika ileile, hatua chache tu kutoka pale, alikuwepo Mmasai analinda duka na sime yake kiunoni. Na mama mmoja alikuwa anashuka kwenye Hiace na mkungu wa ndizi, panga limefungwa kwenye gunia. Hao hakuna aliyewauliza kitu. Vyuma vitatu, makali matatu, na anayebebwa ni mmoja. Je, ni uonevu? Mimi mwanzoni nilisema ndiyo. Baada ya kufuatilia, sasa nasema mambo si mepesi hivyo.

Tuanze na hicho kishoka chenyewe. Wenyewe wanakiita tomahoki, neno lililotoka kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Zamani kilikuwa cha kazi na cha vita pia. Hiki cha kisasa kina historia yake: mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Peter LaGana, alianza kuvitengeneza na kuwauzia wanajeshi waliokuwa wanakwenda Vietnam. Baadaye vikarudi tena kwa nguvu kwenye vita vya Afghanistan na Iraq. Kwa hiyo wadau tusidanganyane. Panga la mkulima lilibuniwa kukata nyasi na matawi. Hiki kilibuniwa kwa ajili ya askari, na umbo lake linasema hivyo kabla hujafungua mdomo. Ile ncha ya nyuma ni ya kutobolea na kuvunjia. Kwenye kihamba utatobolea nini? Mgomba ni laini, panga linaumaliza kwa pigo moja. Majani ya ng'ombe yanataka mundu. Kuni zinataka shoka zito lenye mpini mrefu.

Na sisi hatuna njaa ya chuma hapa. Wahunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, walikuwa wanafua mikuki na majembe kabla Mjerumani hajafika, na mpaka leo wapo wanaofua vyuma chakavu. Mikuki yao ilifika hadi kwa Wamasai. Kitu chenye makali kwetu hakijawahi kuwa cha ajabu.

Sasa sheria inasemaje? Hapa ndipo wengi tunapotea. Ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inahusu bunduki na ndugu zake. Kwa panga au kishoka huhitaji leseni, unanunua dukani kama unavyonunua sufuria. Ila kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Ile inasema ni kosa kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Soma tena: bila sababu halali, na kwa namna ya kutia hofu. Sheria haikuangalii chuma tu, inaangalia na ulivyokibeba. Mama wa mkungu wa ndizi sababu yake iko kichwani kwake na panga liko kwenye gunia. Mmasai wa dukani yuko kazini na sime yake watu wameizoea. Mshkaji wangu alikuwa na nini cha kusema? "Nimepewa na mtalii." Hiyo inaeleza kilikotoka, haielezi kinakokwenda.

Na hofu ya watu haikutoka hewani. Mwaka 2022 Dar es Salaam iliteswa na vijana wa Panya Road, wanaingia kwenye nyumba za watu na mapanga, wanajeruhi na kuua. Ukishaingiza panga kwenye wizi, sheria inauita unyang'anyi wa kutumia silaha, na kifungo chake hakishuki chini ya miaka 30. Kwa hali hiyo, mtu akimwona kijana ana kitu cheusi cha kivita kiunoni saa mbili usiku, kukimbia ni akili.

Lakini jamani, kuna mstari mwingine ambao ndio ulionifanya niandike. Uko juu huko, kwenye msitu.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa 1973, ikafunguliwa 1977, na wakati huo ilikuwa eneo la juu ya msitu, takriban kilomita za mraba 756. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani ya hifadhi, ikawa zaidi ya kilomita za mraba 1,600. Ndani yake ikameza na ile nusu maili, ukanda uliotengwa tangu enzi za mkoloni mwaka 1941 ili wanavijiji wapate kuni na majani. Kwa hiyo sehemu ambayo bibi zetu walipanda na panga kukata majani ya ng'ombe, leo inasimamiwa na Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282.

Na kifungu cha 24 cha sheria hiyo hakina utani. Ukikutwa hifadhini na silaha bila kibali, wewe ndiye unayetakiwa kumridhisha askari kwamba haikuwa ya kuwinda. Msidhani silaha hapo ni bunduki. Kesi za kule Serengeti zimejaa watu walioshitakiwa kwa panga moja na kisu kimoja. Panga lilelile lililokuwa kitendea kazi kwenye mgomba wa mwisho wa kihamba, ukivuka hatua kumi limegeuka silaha. Chuma hakijabadilika. Umebadilika wewe ulipo.

Siwalaumu TANAPA kwa kila kitu. Msitu ule ndio maji yetu, na moto wa Oktoba 2020 tuliuona wote kutoka mjini, mlima unawaka usiku, mamia ya watu wakiwemo wanafunzi wa Mweka wakipanda kuuzima. Lakini ukitaka mtu aheshimu mstari, mwonyeshe mstari. Bango liwe la Kiswahili, liseme wazi: kuanzia hapa panga ni kesi. Mkutano wa kijiji uambiwe. Isiwe mtu anaijua sheria siku anaposomewa mashitaka.

Mnaotaka kupanda na kishoka kwa ajili ya "kambi": mlimani kuwasha kuni hakuruhusiwi, watu wanapikia gesi. Kishoka hakina kazi huko, ni uzito tu na matatizo.

Kuna watakaosema basi vipigwe marufuku. Uingereza wamejaribu. Tarehe 24 Septemba 2024 England na Wales walipiga marufuku mapanga na visu vya aina ya "zombie", wakaviainisha kwa umbo: urefu wa makali, ncha kali, meno meno, matundu. Panga la kawaida la kufyekea halikuguswa. Hata wao wamekiri kuna chuma cha kazi na chuma cha kutishia. Sisi tukikopi bila kufikiri, atakayeumia wa kwanza ni yule mama wa Hiace.

Msimamo wangu ni huu. Kumiliki kishoka si kosa. Kukivaa kama nyota wa sinema ndiko kunakokuponza. Kama unacho, kiache nyumbani. Kama unakipeleka kazini, kifunge kwenye gunia, kikae chini ya mzigo, na uwe na jibu la swali moja: unakwenda kukata nini? Ukikosa jibu, usitoke nacho. Na ukiwa juu, uliza kwanza mpaka wa hifadhi uko wapi.

Mshkaji wangu anasema mimi nimemsaliti, nilitakiwa kumtetea. Nyie mnaonaje? Hasa wa Kibosho, Machame, Marangu na Rombo: huko kwenu mpaka unaonekana au mnaotea tu? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.