Tukague Kandambili za Bibi

Alfajiri moja mama yangu aliteleza uani, kando ya karo la kufulia, akitoka kutawadha. Kandambili zake zilikuwa zimelika soli hadi zimekuwa laini kama karatasi, na sakafu ilikuwa na povu la sabuni tangu jana yake. Alianguka kiubavu. Tulipomwinua, kitu cha kwanza alichofanya ni kutuomba radhi kwa kutuamsha.

Siku 4 tukamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Mchua viungo aliitwa, akasema msuli umeteguka. Siku ya 5 akaja jirani yetu, muuguzi mstaafu. Hakumgusa. Aliinua shuka tu akatazama miguu: wa kulia ulikuwa umefupika kuliko mwenzake, na unyayo umelala kuelekea nje. "Mwanangu," akaniambia, "hapa hakuna msuli. Nyonga imevunjika."

Ndugu msomaji, nakusimulia aibu hii ili kwako isitokee.

Mfupa tumezoea kuuona buchani au kwenye bakuli la supu, tukadhani hata ule wa mwilini ni kama boriti, ukishapauliwa umepauliwa. Kumbe uko hai. Una damu yake na mishipa yake ya fahamu, na ndani ya uboho ndimo chembechembe za damu zinamozaliwa. Kila siku zipo seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa, na nyingine zinafuata nyuma kujenga upya. Ndiyo sababu mfupa uliovunjika huunga. Ujanani mjenzi humzidi mbomoaji, na kufikia miaka 30 hivi ghala linakuwa limejaa. Kisha mbomoaji huanza kutangulia, polepole. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma na homoni ya estrojeni ikashuka, mbomoaji huyo anapiga mbio. Hakuna maumivu wala dalili, mpaka siku ya karo.

Na ghala hilo lina mwingine anayelichotea. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Moyo na misuli vinaitaka kila dakika, kwa hiyo chakula kikiwa hakina, mwili huenda kukopa mifupani. Basi mpeni mzee dagaa, waliwe na miiba yao (wanaowachambua mpaka wabaki nyama tupu wanatupa kilicho bora), mpeni uji wa ulezi, mtindi, ufuta. Na binti wa miaka 13 anayeshindia soda na chipsi naye mumtazame, maana ndiye anayejaza ghala sasa hivi. Jua la kuota mikono na miguu tunalo bure. Linasaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake kalsiamu hiyo hainyonywi ipasavyo.

Lakini liko jambo ambalo sisi wenye adabu tunalikosea. Mzee akishika ndoo tunamnyang'anya, akitaka kwenda sokoni tunamtuma mtoto. Tunamkalisha kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi magharibi tukiita heshima. Mfupa usiobebeshwa kitu hunyong'onyea, na miguu isiyotembea hupoteza nguvu za kumshika mtu anapoyumba. Mwacheni atembee, apalilie mchicha wake, abebe kikapu anachokimudu.

Na akianguka akashindwa kusimama, msimlazimishe kusimama, msimkande. Mlazeni kwenye ubao au godoro gumu, mguu usichezeshwe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apigwe eksirei. Wachua viungo wenye mikono mizuri wapo, ila nyonga ya mzee si kazi yao. Kumlaza nyumbani wiki nzima kunaleta vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni, na hayo ndiyo yanayoua.

Jumamosi hii, basi, ingia bafuni kwa mzee wako ukiwa umevaa viatu vyake. Angalia kama taa inawaka usiku, kama kizingiti kinaonekana, na atashika nini akipepesuka.

Mama alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma, sasa anatembea na mkongojo. Bomba la kushikia bafuni tulilifunga aliporudi kutoka hospitali. Fundi alitumia nusu saa. Kipande chenyewe kilikuwa kimelala nyuma ya banda la kuku miaka yote.