Gari Litamfikisha Mzee Kanisani, Nani Atamshusha?

Nilipokuwa frateri wa mwaka wa uchungaji, paroko wangu alikuwa na umri wa miaka 78 na bado alikuwa akiendesha mwenyewe kwenda vigangoni. Gari lilikuwa kuukuu, barabara ya vumbi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na mtoto wa jicho. Jioni moja tulikuwa tukirudi kutoka kigango cha mbali, jua likitupiga usoni, mtoto wa kike mwenye ndoo ya maji kichwani akavuka njia. Mimi nilimwona. Yeye hakumwona. Nilipiga kelele, akakanyaga breki, ndoo ikaanguka, na mtoto akabaki amesimama kando ya gurudumu analia.

Tulishuka, tukampa pole, tukamsindikiza hadi kwao. Kutoka pale mpaka parokiani hakuna aliyesema neno. Asubuhi yake paroko alichukua funguo kama kawaida, nami nikapanda kiti cha mbele kama kawaida. Sikumwambia kitu. Yeye alikuwa paroko, mimi frateri, na ripoti yangu ingeandikwa na mkono wake. Nilijiambia kwamba kunyamaza ni heshima. Leo najua kwamba ulikuwa woga.

Namkumbuka yule mtoto kila ninaposikia watu wakibishana kuhusu magari yanayojiendesha yenyewe. Wengine husema ni mwujiza utakaowaokoa wazee. Wengine husema ni majivuno ya binadamu anayetaka kufanya kila kitu kwa mashine. Mimi naona ni zawadi njema, ila inaweza kutufanya tusahau wajibu ambao hakuna mashine itakayoubeba kwa niaba yetu.

Tuanze na yanayojulikana. Kampuni ya Google ilianza mradi wa magari ya namna hii mwaka 2009. Mwaka 2015, katika mji wa Austin, Texas, mtu asiyeona aitwaye Steve Mahan alipanda gari lao na kusafiri peke yake katika barabara za kawaida, bila dereva wala usukani. Mradi huo baadaye ukawa kampuni ya Waymo, ambayo Desemba 2018 ilianza kubeba abiria kwa nauli kandokando ya mji wa Phoenix, Arizona, na kuanzia Oktoba 2020 mtu yeyote katika eneo lile la huduma aliweza kuita gari likaja bila mtu kwenye kiti cha mbele. Mwaka 2024 huduma hiyo ilifunguliwa kwa wote huko San Francisco na Los Angeles. Gari hutazama barabara kwa kamera, rada na miale ya leza, likilinganisha linachokiona na ramani ya kina iliyo ndani yake. Ndiyo maana halifanyi kazi kila mahali. Linahudumia eneo lililopimwa na kujulikana, na nje ya hapo haliendi.

Nilitumwa masomoni Marekani, na mwisho wa juma nilikuwa nikisaidia katika parokia moja ya Arizona. Hapo nilimfahamu mama mjane wa miaka 84. Aliacha kuendesha kwa hiari yake, baada ya kujikuta usiku mmoja upande usio wake wa barabara. Uamuzi ulikuwa wa busara, lakini ulimfungia ndani. Miji mingi ya kule imejengwa kwa ajili ya gari. Duka liko mbali, kanisa liko mbali, mabasi ni machache, na jua la kiangazi haliruhusu mzee kutembea. Watoto wake waliishi majimbo mengine. Kwa karibu mwaka mzima alipelekewa Ekaristi nyumbani, kama mgonjwa, ingawa hakuwa mgonjwa.

Mjukuu wake akamwekea programu kwenye simu, akamfundisha kuita gari. Jumapili moja akaja Misani akiwa amekaa kiti cha nyuma, usukani ukizunguka bila mkono. Aliniambia kilichomfurahisha zaidi ni kwamba sasa angeweza kutoka bila kumwomba jirani na kumwomba samahani. Sisi ambao bado tuna nguvu tunasahau jinsi kuomba kila siku kunavyomchosha mtu. Uhuru wa kwenda kuwazika marafiki, kumwona daktari au kukaa kwenye benchi lako la zamani kanisani ni sehemu ya heshima ya mtu. Kwa hiyo siwezi kujiunga na wanaoibeza teknolojia hii. Kama Amri ya Nne inatutaka tuwaheshimu baba na mama, basi chombo kinachomrudishia mama nafasi yake katika kusanyiko kinastahili shukrani.

Lakini Jumapili ile ile niliona jambo jingine. Nikitoka sakristia kuelekea mlangoni, niliona gari limesimama, mlango wazi, na yule mama amekaa miguu ikiwa nje. Chuma chake cha kutembelea kilikuwa kwenye buti. Waamini walimpita, wakampungia mkono, wakaingia kanisani. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani dereva atamshusha. Dereva hakuwepo.

Gari lilikuwa limetimiza yote liliyoahidi. Kilichopungua kilikuwa chetu.

Kuna tahadhari nyingine, na hii ni ya kiufundi, lakini inahusu uhai. Wahandisi hupanga magari haya katika ngazi kuanzia 0 hadi 5. Katika ngazi ya 2 gari hushika njia na kupunguza mwendo lenyewe, lakini dereva lazima awe macho wakati wote na tayari kuushika usukani ghafula. Katika ngazi ya 4 gari hujitegemea kabisa ndani ya eneo lake, na aliyemo ni abiria tu. Tofauti hii ni kubwa kuliko matangazo ya biashara yanavyoonyesha. Udhaifu wa uzee unajulikana: macho hayaoni vizuri usiku, shingo haigeuki, dawa zinaleta usingizi, mguu unachelewa. Mzee wa namna hiyo akipewa gari la ngazi ya 2, anaambiwa apumzike kisha aamke kwa kasi katika sekunde ya hatari, yaani kufanya kitu ambacho mwili wake hauwezi tena. Gari la nusu si nusu ya msaada kwake. Linaweza kuwa mtego.

Wala hata yanayojitegemea hayana rekodi safi. Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli, wakati msimamizi aliyekuwa ndani hakuwa akitazama mbele. Oktoba 2023, San Francisco, gari lisilo na dereva la kampuni ya Cruise lilimburuta mtembea kwa miguu aliyekuwa ametangulia kugongwa na gari jingine, na mwezi huohuo mamlaka za California zikasimamisha kibali cha kampuni hiyo. Kwa upande wa pili, takwimu ambazo Waymo imezichapisha zinaonyesha ajali chache zenye majeruhi kuliko za madereva binadamu katika miji hiyohiyo. Nazipokea takwimu hizo, nikikumbuka pia kwamba mwenye duka ndiye anayesifu bidhaa.

Tukumbuke pia upande wa pili wa mizani. Aprili 2019, Ikebukuro, Tokyo, mzee wa miaka 87 alipoteza udhibiti wa gari lake na kumwua mama kijana pamoja na binti yake wa miaka 3. Mahakama iliona kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Msiba ule uliitikisa Japani, na wazee wengi wakaenda kurudisha leseni zao. Lakini kurudisha leseni katika kijiji ambacho basi halipiti tena ni kukubali kifungo cha nyumbani. Katika mji wa Eiheiji, mkoa wa Fukui, mwaka 2023 vigari vidogo visivyo na dereva vilianza kupita taratibu kwenye njia ya zamani ya reli vikibeba wakazi na wageni. Ni jambo dogo, lakini nyuma yake kuna fikra sahihi: jamii inayomwomba mzee funguo lazima imwekee kitu kingine mkononi.

Kanisa halikunyamaza juu ya haya. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa la Uchungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabarani, na ndani yake amri kumi za dereva. Ya sita inatutaka tuwashawishi kwa upendo vijana na wasio vijana wasiendeshe wanapokuwa katika hali isiyofaa. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliona haya, maana ndiyo amri niliyoivunja nikiwa kiti cha mbele. Hati ya *Antiqua et Nova*, iliyotolewa Vatikano Januari 2025, inatukumbusha kwamba akili mnemba ni kazi ya akili ya binadamu na haiwezi kuchukua nafasi ya uhusiano wa mtu na mtu. Na Yoshua bin Sira, sura ya tatu, anamwagiza mwana amvumilie baba yake hata akili zake zinapopungua, asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu. Kuvumilia huko hakumaanishi kumwachia usukani. Kunamaanisha kumwambia ukweli bila kumvunjia heshima.

Najua msomaji mmoja tayari anasema: "Padre, hayo ni mambo ya Marekani na Japani. Kwetu kuna bodaboda, ng'ombe na mashimo. Gari lisilo na dereva litapita wapi?" Ni kweli, halitafika kigangoni kesho. Lakini sehemu kubwa ya magari tunayoyaendesha yametumika kwanza huko Japani, na kinachowekwa kwenye magari yao leo kitatufikia kesho, kikiwa cha ngazi ya 2, kwenye barabara zisizo na mistari. Na jambo lenyewe tunalo tayari. Tuna mapadre wazee, walimu wastaafu, baba zetu wenye presha ya macho, wanaoendesha kwa sababu hakuna mwingine na kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema.

Nirudi kwa paroko wangu. Aliyesema hatimaye alikuwa katekista, mzee karibu rika lake. Siku moja baada ya Misa alimfuata barazani, nami nikasikia. "Padre," alisema, "sisi wazee hatuoni tena vizuri. Mimi nimeacha baiskeli. Kijana wangu ana leseni. Kuanzia kesho atakuja saa kumi na mbili, atakupeleka unakotaka, na jioni atakurudisha. Tumeshakubaliana na jumuiya juu ya posho yake." Paroko alikasirika. Wiki mbili hakutaka kumsikia. Wiki ya tatu alimrushia yule kijana funguo, akapanda kiti cha mbele, nami nikahamia nyuma.

Tazama alichofanya katekista. Alisema ukweli, akajiweka mwenyewe ndani ya ukweli huo, na hakuja mikono mitupu. Hilo ndilo ningependa parokia zetu zijifunze, ziwe na magari ya kisasa au ziwe na gari moja bovu. Tusimnyang'anye mzee funguo bila kumpa njia. Jumuiya Ndogo Ndogo zinaweza kupanga zamu ya kuwaleta wazee Misani. WAWATA na VIWAWA wanajua nyumba ambazo mlango haujafunguliwa tangu Jumapili iliyopita. Na pale ambapo mashine itasaidia, ije, lakini mtu asimame mlangoni kuipokea. Kule Arizona, baada ya ile Jumapili, vijana wawili walipewa zamu ya kukaa nje dakika kumi kabla ya Misa. Kazi yao ilikuwa kufungua buti na kutoa mkono.

Kwenu mafrateri nina neno moja zaidi. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Yesu anamwambia Petro kwamba ujanani alikwenda alikotaka, ila akizeeka atanyosha mikono na mwingine atamwongoza. Tunalisoma neno hilo kama habari ya kifodini, na ndivyo lilivyo. Lakini kwa wengi wetu litatimia kwa njia ya kawaida kabisa: siku moja tutaombwa funguo. Anayejizoeza sasa kuendeshwa, kushauriwa na kusahihishwa na wadogo zake, siku hiyo atatoa funguo kwa amani. Na kama leo umekaa kiti cha mbele, unaona ambacho mzee wako haoni, usifanye kama mimi. Mwambie kabla mtoto hajavuka njia.