Kumfanyia Mama si Kumfundisha

Pita Kawangware ama Olympic pale Kibera wiki ya mwisho ya Juni, uone foleni kwa saiba. Watu wanajaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30. Wengine hawajaingiza hata bob mwaka mzima, lakini ukilala, faini inaanzia Sh2,000. Sasa angalia vizuri: mama mboga anatoa kitambulisho, jamaa wa saiba anamjazia, analipwa, na neno la siri linabaki kwenye daftari la saiba.

Mama huyo huyo, PIN yake ya M-Pesa hata mzee wa nyumba haijui. Mbona hii nyingine anaigawa?

Usiniambie hajasoma. M-Pesa ilipoanza 2007, shosho zetu waliishika bila kuingia darasani. Wakala alikuwa jirani, anaongea lugha yao, na kila mtu aliambiwa: PIN ni yako, bonyeza mwenyewe. iTax nayo ni Kizungu kirefu, hadi aliyemaliza chuo anakuna kichwa. Na huwezi kuikwepa serikali ya mtandaoni: 2023 huduma zaidi ya 5,000 zilihamishiwa eCitizen.

Lakini hata sisi vijana tunaharibu. Mamako akikuuliza kitu, unampokonya simu, unabonyeza mbio mbio, unamrudishia: "Nishamaliza." Amejifunza nini? Kukungoja tu. Siku ukihamia Rongai, anarudi kwa saiba.

Utasema jamaa wa saiba naye anatafuta unga, na wengi wao ni waaminifu. Kweli. Lakini mwenye ufunguo wa akaunti yako anaweza kuingia hata ukiwa umelala. Hiyo si huduma, hiyo ni bahati.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walifundishwa kutumia GPS, wakapita vichochoro wenyewe na kuuweka mtaa wao kwenye OpenStreetMap kupitia mradi wa Map Kibera. Walioleta mafunzo hawakuwachorea. Waliwapa vifaa mkononi.

Basi Jumapili hii jaribu hivi. Keti kando ya mamako, simu ibaki mkononi mwake. Mweleze kwa lugha ya nyumbani, iwe Kinubi, Kiluhya ama Kijaluo. Akikosea, mwache arudie, hata ikichukua saa nzima. Na ikifika mahali pa neno la siri, wewe geuka, uangalie ukuta.