Ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje mtoto akue



Juma lililopita tuliongea juu ya daftari za watoto. Leo tunaongea juu ya macho yao, kwa sababu ya jambo lililotupata katika kikundi chetu. Mama mwenyewe ametuomba tuwaelezee, bila kutaja jina lake.

Ilikuwa siku ya posho, tumemaliza kuhesabu akiba ya kasha. Mama mmoja kijana alitoa simu yake tuone picha za ubatizo. Binti yake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa anacheka. Katika picha, jicho la kuume lilikuwa na nukta nyekundu katikati, kama inavyotokea kwa watu wengi wakipigwa picha kwa taa ya simu. La kushoto liling'aa jeupe, kama jicho la paka usiku. Sisi tukasema, "Ni simu tu." Mama akaongeza kwamba jicho hilo lilikuwa limeanza kwenda upande, lakini kwenye kituo kimoja cha afya walimwambia angoje mtoto akue.

Mama mmoja mzee kati yetu hakusema kama sisi. Aliomba simu, akaitazama muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "wangu pia alianza hivyo. Munganga alituambia jicho litolewe. Wakwe wakakataa, na mimi nikanyamaza. Tulilinda jicho, tukazika mtoto."

Kesho yake tulimpeleka binti yule kwa munganga wa macho.

Ugonjwa huo ni nini? Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoitwa retina. Ndiyo inayopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo, nasi tunaona. Kwa watoto wachache, retina hiyo inaota kansa. Waganga wanaiita retinoblastoma. Inampata mtoto mmoja kati ya watoto 15.000 hadi 20.000 wanaozaliwa, na karibu kila mara ni kabla ya miaka 5. Uvimbe ni mweupe. Ukikua, mwanga unaupiga na kurudi, ndiyo maana mboni inang'aa. Mwanzoni mtoto haumwi. Anacheza, anakula, anakua. Hapo ndipo sisi wazazi tunadanganyika.

Kansa hii haitoki kwa jirani mwenye kijicho, wala kwa kitu mama alichokula akiwa na mimba. Inatoka kwenye mbegu ya mwili iliyoharibika. Kwa watoto wengine, zaidi wale wanaougua macho mawili, hitilafu hiyo iko katika mwili wote na inaweza kurithiwa. Kwa hiyo mtoto mmoja akiugua, ndugu zake wadogo nao wapimwe macho, hata kama yanaonekana mazima.

Si kila weupe wa mboni ni kansa. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao watoto wachanga nao wanaupata. Lakini huo pia unataka mkono wa munganga mapema, kwa sababu jicho la mtoto lisilotumika linasahau kuona. Hivi, weupe uwe wa nini, jibu ni moja: twende haraka.

Sasa tufike kwenye neno linalotutisha: kutoa jicho. Uvimbe ukiwa mdogo, hospitali zenye vyombo zinaweza kuuchoma kwa mwanga wa leza au kwa baridi kali, pamoja na dawa za kansa, na jicho likabaki. Lakini watoto wetu wengi wanafika uvimbe umejaza jicho, nalo halioni tena. Hapo kulitoa ndiko kunakoponyesha. Kansa ikiachwa, inafuata mshipa unaotoka jichoni mpaka kwenye ubongo, ama inaingia kwenye damu na mifupa.

Upasuaji wenyewe uko hivi. Mtoto analazwa usingizi kwa dawa, hasikii kitu. Munganga anatoa jicho zima pamoja na kipande kirefu cha mshipa ule, ili maabara ione kama kansa ilikuwa imeanza safari. Kope, nyusi na machozi vinabaki. Mahali pa jicho panawekwa kidude cha mviringo ili uso usibonyee. Baada ya majuma kadhaa, kidonda kikipona, mtoto anapewa jicho la bandia linalofanana na lile lingine. Mama anafundishwa kulitoa na kuliosha. Mtoto akikua, linabadilishwa.

Jambo moja tulishike sana: jicho lenye weupe wa namna hii halichomwi sindano wala kukatwa kipande ili kupimwa. Kufanya hivyo kunaweza kufungulia kansa mlango. Munganga anayeijua kazi analitambua kwa kutazama ndani kwa taa, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Na majani ya kudondoshea, tafadhali, yakae mbali na macho ya watoto.

Kwa binti yetu, vita kubwa haikuwa hospitalini. Ilikuwa nyumbani. Baba yake alisema, "Msichana mwenye jicho moja nani atamwoa?" Nyanya yake alitaka kwanza maombi ya siku arobaini. Hatukugombana nao. Tulikwenda watatu, tukiwa na mama mzee, naye akasimulia ya kwake mbele ya wote. Kisha tukasema: kuomba tutaomba, lakini tutaomba tukiwa njiani. Baba alikaa kimya usiku mzima. Asubuhi ndiye aliyebeba mfuko.

Munganga wa macho aliandika barua, wakavuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda. Kule Mbarara kuna hospitali ya Ruharo, ambayo kwa miaka mingi inatibu watoto wenye kansa hii. Tangu 2009 wanaongeza dawa za kansa juu ya upasuaji, na watoto wanaopona wameongezeka. Katika nchi tajiri, ambako watoto wanafikishwa mapema, zaidi ya 95 katika kila 100 wanaishi. Kwetu wengi wanakufa kwa sababu wanachelewa, na pia kwa sababu baada ya upasuaji wazazi wanaona mtoto anacheka, wanaacha kurudi. Munganga akisema kuna dawa baada ya upasuaji, zimalizwe zote. Zinaangusha nywele, lakini nywele zinaota. Zinapunguza nguvu za damu pia, kwa hiyo mtoto akipata homa wakati huo arudishwe hospitali siku ileile.

Tunawaomba mambo manne katika vikundi vyenu. Kwanza, kila mama atazame macho ya mtoto wake mahali penye mwanga hafifu, na atazame picha zake za simu. Jicho moja likiwa jekundu na lingine jeupe zaidi ya mara moja, aende. Pili, afunike jicho moja kwa kiganja, kisha lingine. Mtoto akikasirika upande mmoja tu, jicho linalobaki wazi huenda halioni. Tatu, jicho linalokwenda upande baada ya miezi ya kwanza lisingojewe. Nne, kasha la mshikamano liwe na kitu cha safari, maana mama hawezi kuvuka mpaka na mtoto mgonjwa mikono mitupu. Na wakisema "ngoja akue", ombeni barua ya kwenda kwa munganga wa macho.

Binti yetu sasa yuko katika masomo ya watoto wadogo. Jicho lake la bandia aliwahi kulitoa mbele ya wenzake, wakakimbia wakipiga kelele, na yeye akawafukuza akicheka. Sisi walimu tulimkemea kwa mdomo tu. Mama mzee tulipomwelezea alicheka, halafu akafuta machozi kwa kitenge chake.

Kaeni na amani. Tuonane juma lijalo.