Wazee Wetu na Dawa ya Nusukaputi

Mzee anapovunjika nyonga na kuamriwa kupasuliwa, jamaa zake huwa na suala moja kubwa: je, ataamka na akili zake? Wapo wazee ambao, baada ya kuzinduka, huweweseka, husahau majina ya watoto wao na huona visivyokuwapo. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema ni mkono wa mtu. Tunaona inafaa suala hili lijibiwe kwa elimu, wala si kwa uvumi.

Ubongo ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mwili unapopumzika hutumia kiasi cha asilimia 20 ya nishati yote. Chakula chake kikuu ni sukari iliyomo katika damu. Mwaka 1976, huko Philadelphia, Marekani, wataalamu walipiga kwa mara ya kwanza picha ya ubongo wa mtu aliyedungwa sukari iliyotiwa mionzi hafifu. Tangu hapo imewezekana kuona ni sehemu zipi za ubongo zinazotumia sukari nyingi na zipi kidogo, bila ya kupasua kichwa.

Picha hizo zimetufunza mambo mawili. La kwanza, umri unapozidi, matumizi ya sukari hupungua, hasa katika sehemu za mbele za ubongo zinazohusika na kupanga na kuamua. La pili, nusukaputi huyashusha matumizi hayo kwa ghafla. Utafiti wa Michael Alkire na wenzake wa California, uliotolewa mwaka 1995, ulionyesha kwamba dawa ya propofol iliyapunguza kwa kiasi cha asilimia 55 kwa watu wenye afya. Mzee, basi, huingia katika usingizi huo akiba yake ikiwa ndogo. Ndiyo maana wataalamu hupunguza kipimo cha dawa ya kuvuta kwa kiasi cha asilimia 6 kwa kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 40.

Hata hivyo, tusiitupie dawa lawama zote. Mwaka 2021 zilitolewa tafiti mbili kubwa juu ya wagonjwa waliovunjika nyonga, moja ya Marekani na Kanada yenye wagonjwa 1,600, na nyingine ya China yenye wagonjwa 950. Waliochomwa sindano ya ganzi ya mgongoni hawakuepukana na kuchanganyikiwa zaidi kuliko waliolazwa kwa nusukaputi. Jeraha lenyewe, maumivu, homa, kukosa usingizi na ugeni wa wodi navyo vina sehemu yao. Kwa hiyo anayemkataza mzee wake asipasuliwe kwa kuogopa nusukaputi, huenda anamkimbiza mvua na kumtosa baharini.

Hatuiombi Serikali inunue mashine za kupigia picha hizo. Ile sukari yenye mionzi hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110, na kuipata visiwani ni kazi ngumu na ghali. Tunachoomba ni somo lake litumike. Mwaka 1999, Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza khabari za wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi waliolazwa kwa maradhi mbalimbali. Waliopewa miwani yao, vifaa vya kusikilizia, maji ya kutosha, usingizi wa usiku, nafasi ya kutembea, na kukumbushwa siku na mahali walipo, waliochanganyikiwa miongoni mwao walikuwa chini ya asilimia 10. Katika wengine walikuwa asilimia 15. Hayo hayahitaji fedha za kigeni.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wakuu wa afya. Kila mzee apimwe kumbukumbu yake kabla ya kupasuliwa, na majibu yaandikwe katika faili. Wataalamu wa nusukaputi waongezwe na wapewe mafunzo ya kuwahudumia wazee. Jamaa mmoja aruhusiwe kukaa kitandani pake hata usiku, hasa kwa mzee aliyevushwa bahari kutoka kisiwa kidogo, ambaye hospitali kubwa kwake ni nchi ya ugeni. Na jamaa waelezwe mapema linaloweza kutokea, wasije wakafadhaika.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tusimpeleke mzee hospitali tukaisahau miwani yake nyumbani, wala tusiwafiche madaktari dawa anazotumia. Akiweweseka, muuguzi aambiwe mara moja, maana hiyo ni dalili ya ugonjwa unaotaka kutibiwa.

Wahenga walisema utu uzima dawa. Dawa hiyo tumeitumia miaka yote katika nyumba zetu. Ni haki nasi tuihifadhi isimwagike.